Ukuta mu Njia ya Mayi

Habari hii alinipa Amida mwenyewe, mwaka jana mu kipwa, wakati wa baridi, siku tulikaa nyuma ya jiko langu tukipukusa mahindi. Alisema polepole, akirudi nyuma, akisahau, akikumbuka tena, na mahindi yetu yakaisha mbele habari haijaisha. Pale alipokosa, Hulda jirani yake alinijazia.

Amida alikuwa bibi ya Nasibu, yule mwenye kuuza chumvi na samaki ya kukauka ya ziwa Kisale. Nasibu alikufa pale mvula ilianza kunyesha, na Amida akaingia mu eda. Kwa Baislamu, mujane anakaa mu nyumba miezi minne na kitu, anavaa nguo nyeupe, hajipambi, haendi ku soko, na banaume benye habako ndugu zake habapashwi kumutazama-tazama. Shangazi yake Mwajuma, mwanamuke muzee wa Kasongo, alikuja kukaa naye ili asikae peke yake.

Sasa, lupango lao, kipande cha udongo chenye nyumba yao, liko mu bonde. Kutoka njia ya avenue unashuka, unapita miti ya eukaliptusi, unafika karibu na mutoni. Pale njo kwa Nasibu. Zamani hakuna muntu alijenga pale. Kulikuwa bustani za lenga-lenga na vitunguu tu, na mu masika mutoni ulikuwa unavimba, unapanda ku bustani, unakaa kidogo, unashuka, unaacha udongo mweusi wenye kufurahisha benye bustani. Kisha muji wetu wa Kamina ukajaa. Bantu balikuja kutoka Kaniama, kutoka Luena, kutoka vijiji vya reli, kila mumoja akitafuta pa kuweka mutoto na sufuria, na bustani zikakatwa-katwa kuwa malupango. Nasibu pia alinunua pale. Lakini yeye alijua mahali alinunua. Aliinua musingi wa nyumba kufika ku magoti, akazungusha lupango na matete tu. Pale mayi yalipanda, yaliingia kwa matete ya juu, yakapita mu kiwanja kati ya nyumba na depo ya chumvi, yakatoka kwa matete ya chini, yakarudi mutoni. Nasibu alikuwa anatosha viatu, anakaa ku baraza na kikombe cha chai, anatazama mayi yanapita sawa vile bantu banatazama treni.

Nyuma ya siku za kilio, Lukmani akaja. Huyu ni ndugu mudogo wa Nasibu, ana duka ku soko, na viatu vyake vinang'aa hata mu matope. Alisimama mu kiwanja, akazunguka, akashika matete na vidole viwili.

"Shemeki," akamwambia Amida, "bantu ba soko banapita hapa kila asubui, banachungulia. Banakutazama sawa vile banatazama samaki ku meza. Bibi ya kaka yangu, hapana."

"Banatazama nini?" Mwajuma akauliza. "Banaona minyi, bibi muzee huyu, banakimbia."

Lukmani hakucheka. Akaleta mafundi na matofali ya kuchoma, akang'oa matete, akapandisha ukuta kuzunguka lupango lote, murefu kupita muntu. Kati ya matofali baliweka udongo tu. Simenti ilipakwa upande wa njia, juu ya vile Lukmani alitaka bantu baone kazi nzuri. Na ukuta ulifika mpaka chini kabisa, upande wa juu na upande wa chini, bila tundu hata la panya.

"Na mayi, shemeki?" Amida akauliza.

"Mayi itafuata njia yake."

"Njia yake njo hii."

"Shemeki, uko mu eda. Usijichokeshe kichwa. Minyi niko."

Mwajuma yeye alipenda ukuta sana. Anavuta tumbaku ya pua, na mbele ya ukuta alikuwa anajificha mu choo juu ya kuonea haya vijana. Sasa alikaa mu kiwanja wazi, miguu imenyooka, anapiga chafya sawa mukubwa.

Mvula kubwa ya kwanza ikanyesha. Amida alisimama ku baraza, akangoja mayi yaingie kwa upande wa juu, sawa miaka yote. Hayakuingia. Kiwanja kilibaki na matope ya mvula tu. Depo ya chumvi ikabaki kavu, na Amida akafurahi, hakukatala mbele yangu, alifurahi kweli, juu chumvi hiyo njo ilikuwa chakula chake cha kesho. Kisha akasikia sauti nyuma ya ukuta wa upande wa kushoto. Muntu anachota mayi na sufuria, anamwaga, anachota, anamwaga, na sufuria inakwaruza chini.

Pale ni kwa Hulda. Hulda na bwana yake Jessé ni Bametodisti, Jessé anafundisha ku shule ya msingi, na nyumba yao ni ya matofali mabichi, yale yenye hayapiti mu moto. Malata ya paa lao ni mazuri, lakini chini ni udongo, na udongo ukikaa mu mayi unarudi kuwa udongo.

Mayi yalipotulia Hulda akaja, maputa, nguo yake ya kujifunga, imelowa kufika kiuno, sufuria bado ku mukono.

"Yaya Amida, dada yangu, kuja uone."

"Siwezi kutoka, Hulda. Unajua."

"Basi minyi nitakuonyesha." Akachutama, akachora mu matope na kidole. "Hii ni ukuta yenu. Mayi ilitoka juu, ikagonga hapa, ikakosa mulango, ikageuka. Ikaingia kwangu. Iko mu jiko. Iko mu chumba ya batoto. Mabata yangu balikuwa banaogelea chini ya kitanda sawa balilipa."

Mwajuma akacheka peke yake.

"Ukuta ya chumba imeanza kula chini," Hulda akasema. "Nimeingiza mukono hivi, umeingia. Mayi ikirudi mara ingine mingi sawa ile, nyumba inakaa chini. Na masika bado."

"Minyi sikujenga huu ukuta."

"Minajua, yaya. Sikukuja kukugombeza. Nakuja kwako juu sina pengine pa kwenda."

Kutoka siku ile Amida hakuweza kukaa. Alianza kufagia kiwanja chenye hakikuwa na uchafu. Alizunguka ukuta kwa ndani, mukono ku matofali, kuanzia mulango mpaka depo, kutoka depo mpaka choo, kurudi mulango. Wingu likitokea upande wa juu, alisimama. Wingu likipita, alizunguka tena. Hata chakula alikula kwa kusimama, bonge la bukari ku mukono mumoja, macho kule.

"Unatembea sawa kuku anatafuta pa kutaga," Mwajuma akamwambia. "Kaa. Eda ni kukaa."

"Nikikaa nasikia ile sufuria."

"Sufuria gani? Leo kuko jua."

"Naisikia, shangazi."

Kisha Papa Kitwa akaja. Kitwa anafanya kazi ku komine, serikali ya mutaa, ku biro ya urbanisme, bale benye kupima malupango. Ni muntu wa heshima; alipofika ku mulango alitosha kofia, na alipojua kama mujane iko ndani, akageuza uso, akaanza kuongea na bawaba za mulango. Mwajuma alisimama kati. Amida alikuwa nyuma ya rido, kitambaa cha mulango wa nyumba, karibu sana, angeweza kumushika bega.

"Mama, umuambie mujane kama komine inamusalimia na inamupa pole."

Mwajuma akageuka. "Anasema komine inakusalimia na inakupa pole."

"Nimesikia, shangazi."

"Anasema amesikia."

"Umuambie," Kitwa akaendelea na zile bawaba, "komine imeweka musitari mu bonde. Chini ya miti ya eukaliptusi, nyumba mupya hakuna tena. Benye bako tayari babaki, lakini kwa sharti. Musingi ikuwe juu. Ukuta ya kufunga mpaka chini, hapana. Matete, ao ukuta yenye midomo ya kupitisha mayi chini. Hii bonde mutoni iko nayo lazima. Tukimufunga hapa, anaingia kwa jirani. Jirani akifunga, anapanda mpaka ku njia ya reli. Tuliona hii mambo mwaka yenye ilipita, na shule ilifungwa."

Mwajuma akaanza kurudilia yote, akakosa katikati. Amida hakungoja.

"Muambie avunje leo."

Mwajuma akamutazama. Mujane wa eda hatoi amri ya ukuta mbele ndugu ya bwana yake hajasema. Hiyo Mwajuma aliijua tangu Kasongo.

"Anasema," Mwajuma akamwambia Kitwa, "karibu chai."

"Sikusema chai. Nimesema avunje."

Kitwa alisikia. Hakuna vile angekosa kusikia, rido ilikuwa inacheza na pumzi ya Amida. Lakini muntu wa adabu hasikii sauti ya mujane kutoka nyuma ya rido. Alikohoa, akashukuru kwa chai yenye hakuinywa, akatoka, akapaka musalaba mwekundu ku ukuta upande wa njia, kisha akasimama kutazama kama musalaba ku ukuta ya Baislamu haileti mambo, akapaka duara kuuzunguka ili uonekane alama ya komine tu.

Lukmani alipoona ile rangi ku simenti yake, alienda na moto ku roho. Bakakutana kwa Monga, shefu wa avenue: Lukmani, Kitwa, Monga, na Jessé bwana ya Hulda. Amida alibaki akizunguka. Mangaribi Hulda akaingia bila kubisha, akakaa chini.

"Balisema nini?" Amida akauliza.

"Balisemezana vizuri sana," Hulda akasema. "Heshima ilikuwa mingi, ungelia. Kitwa anasema sheria ni sheria, lakini kilio ni kilio. Monga anasema hakuna muntu mu avenue yake atavunja ukuta ya mujane. Lukmani anasema eda ikiisha atavunja na mukono yake. Na bwana yangu." Akavuta maputa ku magoti. "Jessé alisimama, akasema sisi Bametodisti tunaheshimu kilio ya bengine, tutangoja."

"Eda inaisha masika imeisha."

"Njo nilimuambia. Anasema: tutaomba Mungu azuie mvula. Nikamuuliza, na bale benye kulima mahindi, beye baombe nini?"

"Na minyi? Hakuna mwenye aliuliza minyi ninataka nini?"

"Weye uko mu eda, yaya. Banakuheshimia."

Hapa Amida aliacha kupukusa, akaniambia hasira yenye alisikia ile mangaribi hakuijua zamani. Si hasira ya muntu mumoja. Bote balikuwa bazuri. Bote balimuchunga. Na nyumba ya Hulda ilikuwa inakwenda kuanguka juu ya wema wao, na bantu bangesema ilianguka juu ya Amida.

Akamwita Lukmani, akaongea naye kwa adabu, kichwa chini. Akamuomba atoboe midomo tu, kidogo, upande wa juu na upande wa chini.

"Tundu, shemeki? Batoto bachungulie?"

"Batoto bachungulie miguu yangu, habataona kitu."

"Nitatazama," Lukmani akasema. "Niende Luena kwanza, nina mambo ya mizigo. Nikirudi nitatazama."

"Utarudi lini?"

"Barabara ikiruhusu."

Akaenda. Mvula nayo ikaanza kunyesha mbali, upande wa juu, kila siku, bila kufika Kamina. Hiyo njo mubaya zaidi. Juu ya kichwa chako jua, nguo zinakauka, na mutoni unaongeza kidogo-kidogo sawa muntu anapanda ngazi bila viatu. Amida aliweka alama ya mukaa ku mwamba wa mulango wa choo, pale unyevu ulifika, akaenda kuitazama mpaka Mwajuma akamuuliza kama amepata bwana mupya mu choo.

Usingizi ulimutoka. Alilala akiamka. Asubui moja, mbele ya chai, alitoka ku baraza na kusikia kitu, si kelele, ni sawa bantu bengi banatembea mu majani mbali. Juu, kule kwenye eukaliptusi, mbingu ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Ndege ba bustani balikuwa bamenyamaza.

"Shangazi. Amka tubebe chumvi."

"Tubebe tupeleke wapi?"

"Ku kitanda. Ku meza. Popote juu."

"Mayi haingii tena hapa, weye. Tuko na ukuta."

"Itaingia."

Mwajuma alimutazama vizuri, akaona uso wake, akafunga maputa kiunoni. Bakabeba. Mifuko ni mizito na banamuke ni babili, na mumoja ni muzee mwenye kusimama kila mara kupumua na kulaumu marehemu juu hakuuza pamba. Bakapandisha mifuko ku kitanda cha Nasibu, ku meza, ku viti. Ingine mingi ikabaki chini mu depo. Pale Amida alisikia mayi yanagonga ukuta wa juu. Yaligonga kidogo, sawa muntu anabisha, kisha yakageuka na kukimbia ku kushoto, na upande wa kushoto Hulda akaanza kuita batoto bake kwa majina, mumoja-mumoja.

Amida aliangalia depo. Mifuko yenye kubaki ilikuwa mingi kuliko yenye kupanda. Alisimama pale kati ya depo na ukuta. Kisha akaenda nyuma ya mulango, akachukua baramini ya bwana yake, lile fimbo la chuma la kuchimbia mashimo.

"Amida," Mwajuma akasema. "Lukmani hajarudi."

"Shangazi, usimame mbali na ukuta."

Hakuanza na ukuta wa juu. Muntu mugeni angeanza pale, na kiwanja kingegeuka beseni, na nyumba yake ingekuwa ndani. Alienda kwanza ku ukuta wa chini, upande wa mutoni, akapiga pale chini kabisa. Udongo kati ya matofali ulikuwa bado laini. Tofali la kwanza likatoka sawa jino la mutoto. Akatoa lingine, na lingine, mpaka mulango wa kutokea ukawa mupana kupita mukeka. Mikono ikaanza kutoka damu, hakuiona. Njo kisha akakimbia ku ukuta wa juu.

Alipiga pale chini. Tofali likasogea, mayi yakatoa ulimi mwembamba wa udongo, akapiga tena. Alitaka kufungua mudomo tu. Lakini ukuta ulikuwa na simenti upande mumoja na udongo upande mwingine, na mayi yalikuwa yanasukuma tangu asubui. Ulitoa sauti ndogo, ukaanza kujinamia. Mwajuma akamuvuta na nguo. Ukuta wote wa juu ukalala chini, kutoka kona mpaka kona, na mayi yakaingia juu yake, ya kahawia, na majani, na maboga ya bustani ya muntu.

Vumbi halikuwako, ni mayi tu, basi hakuna chenye kilimuficha. Amida alikuwa amesimama ku ngazi ya baraza mu nguo nyeupe yenye kulowa, imemushika mwili, kitambaa cha kichwa kimeanguka, baramini ku mukono. Na mbele yake, kule ku njia, banaume ba avenue. Balikuwa bamekuja kusaidia Hulda na mifuko ya muchanga. Monga, na Jessé na suruali imekunjwa, na bengine ba musikiti, na bengine benye habamujui. Bote bakamuona. Nyumba ya Amida ilikuwa wazi mbele ya Kamina yote.

Amida aliniambia kama alitaka kuingia ndani, lakini alibaki akitazama kama mayi yanatoka kwa tundu la chini.

Monga njo aligeuka kwanza. Akageuka muzima-muzima, akaonyesha mugongo.

"Banaume," akasema, bila kupandisha sauti, "mutoni iko upande huu. Mutazame mutoni."

Bakageuka bote. Jessé aligeuka haraka mpaka akateleza, akakaa mu mayi, na akaendelea kutazama mutoni akiwa amekaa. Bakasogea nyuma-nyuma kuelekea kwa Hulda, mifuko ya muchanga ku mabega, bakigongana, bakiulizana njia sawa vipofu.

Hulda yeye hakugeuka. Alitoka kwake akipita mu mayi, kamba ya kuanikia nguo mu meno na maputa zake zote ku kichwa. Alifunga kamba ku kona ya ukuta wenye kubaki, akaivuta mpaka ku kona ingine, akaanza kuanika maputa, ile ya harusi, ile ya kanisa, ile ya kubebea batoto.

"Yaya, ingia ndani uvae kavu," akasema. "Minyi niko nakujengea."

Banamuke bengine bakaona. Mumoja akaleta shuka, mwingine akaleta rido yake na pete zake za chuma. Kwa muda mufupi upande wote wa juu ulikuwa nguo za kila rangi, na chini ya nguo mayi yalikuwa yanapita, yanaingia, yanavuka kiwanja, yanapita mu depo, yanatoka chini, yanaenda mutoni.

Mayi kwa Hulda yalishuka. Jiko lake lilianguka, lile lilikuwa limekwisha kuoza. Nyumba ilibaki imesimama, na pale ukuta wa chumba ulikuwa umeliwa Jessé aliweka mifuko ya muchanga kuushikilia. Mu depo ya Amida mifuko ya chini ililegea, ikapunguka, ikabaki sawa nguo chafu mu kona. Mwajuma alichovya kidole mu mayi ya kiwanja, akakilamba.

"Samaki ba mutoni leo banakula vizuri," akasema.

Amida hakucheka. Alikwenda kutazama depo, akarudi, akaenda kutazama tena.

Lukmani alifika nyuma ya saa saba, juu ya lori yenye haikuweza kupita daraja, viatu ku mukono. Mulango wa lupango, upande wa kulia, ulikuwa bado umesimama na kipande chake cha ukuta huku na huku. Akatoa ufunguo, akafungua kadenasi, akaingia, akafunga nyuma yake, kisha akaona maputa ya Hulda yanapepea pale ukuta wake ulikuwa.

Alikaa ku ngazi ya baraza. Amida alimusalimia, akamuletea chai, akasimama.

"Nimesikia ku njia," Lukmani akasema. "Banasema mengi. Shemeki, tusikilizane. Nitasema ku musikiti kama mayi ilivunja ukuta. Mayi iko na nguvu, kila muntu anajua. Weye ulikuwa ndani. Hakuna mwenye atasema kinyume."

"Sema ni minyi."

"Banaume balikuona na baramini, lakini bataheshimu. Monga ataheshimu."

"Shemeki, sema ni minyi nilivunja."

"Juu ya nini? Unataka baseme eda yako imeharibika? Minyi nakutafutia pa kutokea."

"Kama mayi njo ilivunja," Amida akasema, "utajenga tena. Utaleta matofali ingine, na simenti pande zote mbili. Kama ni minyi, hautajenga, juu utajua nitavunja."

Lukmani alikunywa chai. Mwajuma alikuwa pale, tumbaku ku kidole, na hakuificha.

"Na sheikh nitamuambia nini?" Lukmani akauliza.

"Vile ilikuwa. Akisema nianze eda upya, nitaanza upya. Kukaa nimekwisha kuzoea."

"Uongo," Mwajuma akasema. "Huyu kukaa hajui hata kidogo."

Lukmani alitazama depo, mulango wazi, mifuko imelala. Alijua maana yake kuliko bote pale, ni muntu wa biashara. Aliuliza ni mingapi ilibaki, kisha akainua mukono kabla hajajibiwa, akasema basi, basi. Akasimama na miguu mitupu, akapita mu matope mpaka ku maputa, akashika kamba kuona kama imefungwa vizuri. Fundo moja lilikuwa linalegea. Akalifunga upya.

"Kesho nitamwita Kitwa aje na hao vijana yake," akasema, akiwa amebapa mugongo. "Hii pande ya kushoto, na ile ya chini, baitoshe yote. Jessé anajua pa kukata matete?"

"Uliza Hulda."

Hulda aliuliziwa, akajibu kutoka nyuma ya ukuta mbele swali halijaisha, juu alikuwa anasikiliza tangu mwanzo. Akasema matete iko mingi kwa bustani ya Monga, na Lukmani aje na viatu ya kufanya kazi kama iko nayo.

Jua lilikuwa bado lipo pale batoto ba Hulda baliletwa kulala kwa Amida, juu kwao chini kote kulikuwa matope. Kitanda kilikuwa na chumvi, basi bakabalaza ku mikeka, kichwa kwa miguu, na bakalala mbele bukari haijaiva. Mwajuma akala sehemu yake na ya mutoto mumoja, akajipindua ku ukuta, akaanza kukoroma. Lukmani alisema anapumuzika kidogo ku kiti cha baraza mbele ya kwenda kwake, na kidevu kikaanguka ku kifua, kikombe ku mukono.

Amida alitosha kikombe mu vidole vyake. Akazunguka kiwanja, mayi sasa yalifika ku kifundo tu, yanapita bila haraka. Akasimama karibu na ukuta wa kushoto, ule wenye kubaki, akatega sikio. Kwa Hulda kulikuwa sauti ya Jessé anasoma kitu polepole, na Hulda anamuambia aache kusoma aje asukume kabati. Sufuria haikuwako. Akangoja tena kidogo, kusikia kama itaanza. Kisha akarudi ndani, akapata nafasi kati ya batoto babili na mufuko wa chumvi, akalala na nguo yake yenye matope, na hakuamka hata pale maputa zilianza kupigapiga mu upepo.